Kabla hujamwekea shangazi kinasa sauti

Ukitaka kumrekodi shangazi yako mwanasheria asimulie kazi yake, kwa kumbukumbu ya familia, ujue kwanza kwamba mwanasheria ni mgumu kuhojiwa, wala si kwa sababu ya kiburi. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Swali anajua linakoelekea kabla hujalimaliza, na mashahidi wake amewafunza mara nyingi: jibu ulichoulizwa, ukishajibu nyamaza. Ukimkalisha ukamwambia, "Shangazi, tusimulie kazi yako ya uwakili," atakupa dakika 15 za mambo ambayo yameshaandikwa kwenye wasifu wake: alisoma wapi, aliapishwa lini, alipanda cheo gani. Kisha kimya. Na kosa halitakuwa lake.

Dawa yake ni kuamua mapema unachokitafuta. Wengi hufuata kesi: ile kubwa, ile iliyotoka magazetini. Mimi naona hapo si pa kuanzia kabisa. Kesi ina makazi yake. Hukumu ipo masjala, mwenendo wa shauri upo kwenye jalada, na yasiyokuwa kwenye jalada mara nyingi ni siri za mteja ambazo shangazi hana ruhusa ya kukupa. Isiyo na makazi ni kazi yenyewe: alivyopanga maswali usiku wa kuamkia shauri, alivyotambua kwa kumtazama jaji tu kwamba hoja yake haikuingia, maneno aliyotumia kumwambia mteja kuwa ameshindwa. Hayo hayajaandikwa popote, na hakuna masjala utakayokwenda kuyaomba baadaye. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yana lengo hilo moja: kumtoa shangazi kwenye kesi na kumrudisha kwenye kazi.

Siri kwanza

Shughulikia siri kabla hujaandika swali hata moja. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni haki ya usiri kati ya wakili na mteja: waliyozungumza katika kutafuta ushauri wa kisheria hayadaiwi mahakamani. Haki hiyo ni mali ya mteja, si ya wakili, kwa hiyo shangazi hawezi kuiachia kwa sababu tu anakupenda. La pili ni wajibu wa kutunza siri, nao ni mpana zaidi. Unafunika karibu kila alichokijua kwa sababu ya kumwakilisha mtu yule, hata kama alikisikia kwa mtu wa tatu. Kustaafu hakuuondoi. Na hata mteja akifa, usidhani mlango umefunguka. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Swidler & Berlin dhidi ya Marekani, iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba haki ya usiri inabaki hata baada ya kifo cha mteja. Kilichogombewa kilikuwa maandishi machache ya mkono, ambayo wakili aliyaandika alipokutana na mteja wake siku 9 kabla mteja huyo hajajiua.

Aliyekuwa jaji ana mipaka mingine: majadiliano ya majaji faraghani hayatoki nje, na wengi wao hushikilia kwamba hukumu ijisemee yenyewe. Aliyekuwa mwendesha mashtaka ana watoa taarifa ambao majina yao hayatajwi. Na kwa wote, majina ya watoto na ya waathirika wa makosa ya kingono yanalindwa na sheria katika nchi nyingi.

Ninachopendekeza ni kumwomba, siku nyingi kabla ya kurekodi, agawe kumbukumbu zake katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyo wazi: yote yaliyosemwa mahakamani hadharani au yaliyomo kwenye hukumu iliyochapishwa. La pili ni yanayosimulika baada ya kuondolewa alama za mteja. Hapa watu hukosea, huondoa jina wakaacha mji, mwaka na biashara ya mtu, na kila aliyekuwepo akamtambua papo hapo. Ondoa angalau vitu vitatu kati ya hivyo, au hamisha simulizi zima kwenye fungu la tatu. La tatu ni yasiyosemwa kabisa. Mwenye kugawa ni yeye peke yake. Wewe usibishane naye, wala usijaribu kulichokonoa fungu la tatu kwa mlango wa nyuma. Akisema "hilo siwezi," mwulize swali ambalo anaweza: "Jambo ambalo huwezi kumwambia hata mumeo, unaliweka wapi ukifika nyumbani?" Swali hilo halimgusi mteja yeyote, na linaingia moja kwa moja kwenye kazi.

Jambo jingine la kumweleza bila kuficha: rekodi yenyewe ni ushahidi. Kumwahidi kwamba "hii haitoki hapa ndani" hakuifanyi mahakama ishindwe kuiagiza. Boston College ya Marekani iliwarekodi watu waliopigana katika mgogoro wa Ireland Kaskazini, nao waliahidiwa kwamba maneno yao yatafungwa hadi wafe. Mwaka 2011 zilitolewa hati za kisheria kudai kanda hizo kwa ombi la Uingereza, na baadhi zikaishia mikononi mwa polisi. Waliotoa ahadi walikuwa na nia njema. Wewe ahidi tu unachoweza kukitekeleza: nani atasikiliza, nakala zitakaa wapi, na kwamba yeye anaweza kufuta chochote.

Kuna pia hatari iliyo ya familia peke yake. Wakili wa ukoo mara nyingi ndiye aliyeandika wosia wa mtu, aliyesimamia mirathi, aliyeshuhudia mauzo ya shamba. Kama kuna mgogoro wowote wa mali unaofukuta, au shauri ambalo bado lipo mahakamani, liondoe kabisa kwenye mpango wako. Mjomba akija kukudokeza, "hebu muulize na lile suala la kiwanja," kataa kwa adabu, na mweleze shangazi kwamba umekataa. Akihisi mara moja tu kwamba ametumwa mtu kuchota maneno kwake, hutampata tena.

Jedwali la miaka

Kazi ya pili ni karatasi moja yenye safu nne: mwaka, kazi, nyumbani, na mambo ya sheria au ya nchi. Safu ya nyumbani usiiache tupu. Kumbukumbu ya mtu haishiki namba za miaka, inashika "mtoto wa pili alikuwa hajatembea." Mstari mmoja wa jedwali unaweza kusomeka hivi: mwaka wa 3 tangu kuapishwa, msaidizi wa wakili mkubwa, kesi ndogo za madai, amehamia nyumba ya kupanga, kaka mdogo anaishi naye, mahakama yaanza kutumia mashine za kurekodi. Mstari huo mmoja una maswali sita ndani yake.

Utajaza kwa kutumia cheti cha kuapishwa, daftari la mawakili linalotunzwa na mahakama au chama cha mawakili, leseni za kila mwaka kama zilitolewa, shajara za ofisini, picha, na vipande vya magazeti. Leseni zichunguze kwa makini. Mwaka unaokosekana una sababu: uzazi, ugonjwa, kuhamia serikalini, ofisi kuvunjika, au adhabu ya kinidhamu. Usimkabili na pengo hilo mbele ya kinasa sauti. Mwoneshe jedwali siku kadhaa kabla, umwambie tu, "Hapa sikupata kitu, nisaidie." Atalijaza au ataliruka, na vyote viwili ni majibu.

Kwa kesi zilizo wazi, tafuta hukumu uisome mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Tovuti za bure zipo: BAILII kwa Uingereza na Ireland, AustLII kwa Australia, SAFLII kwa kusini mwa Afrika, Kenya Law, TanzLII. Ukiwa na rejea ya kitabuni, ujue kuisoma. Chukua [1932] AC 562, yaani Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi maarufu ya konokono kwenye chupa. 1932 ni mwaka wa juzuu, AC ni mfululizo wa vitabu vya Appeal Cases, yaani ripoti za kesi za rufaa, 562 ni ukurasa inapoanzia. Mwaka ukiwa kwenye mabano ya mraba, ni sehemu ya anwani, bila huo huipati juzuu. Ukiwa kwenye mabano ya kawaida, unakuambia tu hukumu ilitolewa lini, na cha kufuata ni namba ya juzuu. Katika mahakama zinazofuata desturi ya Kiingereza, ripoti hutaja pia mawakili wa kila upande, na hapo ndipo utakapopata majina ya wenzake na wapinzani wake. Jina la mpinzani ni ufunguo mzuri ajabu. Ukilitaja tu, utaona uso unabadilika.

Yote hayo yanakula muda. Kwa vikao vitatu, tenga kama saa 10 za kusoma na kujaza jedwali.

Maswali

Hapa ndipo pana uzito, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kuandika maswali 40 na kuyasoma kama orodha ya usaili. Kwa kikao cha dakika 90, maswali 12 yanatosha, na pengine utatumia 7. Mengine huzaliwa kwenye majibu.

Kwanza, ogopa swali elekezi. "Bila shaka ilikuwa vigumu kuwa mwanamke pekee mahakamani?" Shangazi atasikia pingamizi kichwani mwake kabla hujafunga mdomo, na atakujibu kama shahidi: "Hapana." Umeshamwekea jibu mdomoni, na kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wa namna hiyo. Uliza: "Siku ya kwanza kuingia mahakamani ukiwa wakili, uliketi wapi, na nani alikuwa ameketi kando yako?" Kama ugumu ulikuwepo, utatokea wenyewe kwenye kiti kile.

Pili, uliza mikono yake ilifanya nini. Wanasheria wamezoea hoja, na ukiwauliza "unafikiri nini kuhusu haki" watakupa hotuba iliyonyooka isiyo na mtu ndani yake. Lakini mwulize nakala tano za hati ya madai zilichapwaje kwa mashine na karatasi za kaboni, na mlifanya nini mkikosea herufi kwenye ukurasa wa mwisho saa moja kabla masjala haijafungwa. Mwulize kuhusu kalamu ya jaji. Katika mahakama nyingi, kabla ya mashine za kurekodi, jaji aliandika ushahidi wote kwa mkono wake, na wakili alijifunza kuuliza huku jicho likiwa kwenye kalamu: ikisimama, endelea, ikiwa bado inakimbia, ngoja. Wakili wa zama hizo anaweza kukueleza majaji aliowajua kwa mwendo wa kalamu zao. Hilo hulipati kwa kuuliza "mahakama zilikuwaje zamani."

Tatu, kuna simulizi zilizong'arishwa. Kila familia inazijua: kesi aliyoshinda kwa swali moja, hakimu aliyesinzia. Zimesimuliwa mara 50 na kila neno limekaa mahali pake. Usizikatae, mwache asimulie yote bila kumkata. Kisha rudi saa moja nyuma. "Asubuhi ile, kabla hujaingia, ulikuwa unajua utauliza swali lile?" au "Ulipotoka nje baada ya hapo, ulikwenda wapi?" Pembezoni mwa simulizi hakujawahi kusuguliwa, na hapo kumbukumbu bado ni mbichi.

Nne, uliza kuhusu kushindwa, ila si kwenye kikao cha kwanza. Swali ninaloliamini ni hili: "Ukishashindwa shauri, mteja yupo pale pembeni yako, sentensi ya kwanza ulikuwa unamwambia nini?" Ada nayo iulizwe. Alipangaje bei, alimsamehe nani, alilipwaje na asiyekuwa na fedha. Watu huona aibu kuwauliza wazee wao habari za pesa, lakini ofisi ya wakili ni biashara, na jinsi alivyosimamia ada inaeleza maamuzi mengi ya maisha yake kuliko cheti chochote.

Swali moja kwa wakati. Ukiuliza mawili pamoja, mwanasheria atachagua jepesi. Akimaliza kujibu, hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla hujafungua mdomo. Atakuwa wa kwanza kutambua unachofanya, na bado kitafanya kazi.

Kama hakuwa mtu wa mahakamani, bali mwandishi wa mikataba, mshauri wa sheria wa kampuni, au karani wa mahakama, usimlazimishe kwenye picha ya joho na kizimba. Mwulize kifungu gani alikiandika upya kila mara na kwa nini, nani alikuwa akimpa rasimu mbovu, muhuri ulikaa kabati gani na ufunguo alikuwa nao nani. Karani, hasa, aliona kila kitu na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Panga vikao kwa kufuata umri wa kumbukumbu zake. Watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao, kwa hiyo masomo, kuapishwa na miaka ya mwanzo ya kazi viwe kikao cha kwanza. Vitatoka kwa urahisi na kumpa raha. Miaka ya kati ya kazi, ambayo hufanana na kuchanganyika, iwe kikao cha pili, jedwali likiwa mezani. Kushindwa, majuto na kustaafu vije mwisho. Acha siku kadhaa katikati, kwa sababu kikao cha kwanza kikishatikisa mti, matunda huendelea kuanguka usiku. Kwa mzee wa miaka 80 na zaidi, dakika 60 zinatosha kwa kikao.

Barua, sauti, chumba

Mwandikie barua fupi wiki mbili kabla. Wanasheria huamini karatasi. Isomeke hivi: "Shangazi, shikamoo. Naomba vikao vitatu vya saa moja na nusu, nikurekodi ukieleza kazi yako. Sitauliza siri za wateja wala mambo ya mali ya familia. Nakala za maandishi utazisoma na kufuta upendacho kabla mtu mwingine hajaziona. Naambatanisha jedwali la miaka, na mada sita." Mpe mada, usimpe maswali. Akipata maswali ataandaa maelezo ya maandishi na kuyasoma. Mwombe pia atoe vitu vitatu: joho, muhuri, shajara ya miadi, au chochote alichokihifadhi bila kujua kwa nini.

Simu inatosha kurekodi, mradi uiweke hali ya ndege, maana simu moja ikiingia inaweza kukata rekodi na usijue. Chagua faili ya WAV, ambayo haibani sauti, badala ya MP3: kilohezi 48, biti 24, chaneli moja. Inakula kama megabaiti 520 kwa saa, kwa hiyo vikao vitatu havifiki gigabaiti 2 na nusu. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Sauti ikipanda iguse karibu desibeli −12, isifike 0, kwani iliyopasuka haitengenezeki. Watu waliozoea kuhutubia hupandisha sauti wakifika penye uzito, basi pima kiwango cha sauti anaposimulia jambo la kumchangamsha, si anapohesabu moja, mbili, tatu. Weka taulo lililokunjwa chini ya kinasa sauti, maana mwanasheria hugonga meza kwa kidole akipanga hoja, na kila pigo litasikika kama nyundo. Zima feni, na friji iliyo karibu. Weka funguo zako juu ya friji ili usisahau kuiwasha.

Rekodi dakika 2 za majaribio, uzisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha anza kwa kutaja tarehe, majina, mahali na namba ya kikao. Mkae wawili tu. Mwenzi wake akiwepo atasahihisha tarehe, na wajukuu wakiwepo atasimulia zile zilizong'arishwa.

Siku hiyohiyo hifadhi nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya nyumba. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe. Usipakie sauti kwenye huduma ya unukuzi ya mtandaoni, kwa kuwa hapo umeshampa mtu wa tatu kila kilichosemwa, pamoja na kilichomponyoka. Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, ila kwa Kiswahili hukosea zaidi kuliko kwa Kiingereza, na mtu anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja huivuruga. Kunukuu kwa mkono tenga saa 6 hadi 8 kwa kila saa moja ya sauti. Nukuu alivyosema. Mwanasheria akisoma maneno yake atataka kuyanyoosha yawe kama hati ya kiapo, kwa hiyo mweleze tangu mwanzo kwamba ruhusa yake ni ya kufuta na kusahihisha ukweli, si kuandika upya lugha.

Ruhusa ziwe mbili. Kabla ya kikao cha kwanza, atie saini ya kukubali kurekodiwa, basi. Ruhusa ya matumizi, yaani nani asikie, nani anukuu, nini kifungwe hadi mwaka gani, haki ya kunakili ibaki kwa nani, asaini baada ya kusoma nakala nzima ya kikao cha mwisho, kwa sababu hawezi kukubali leo maneno ambayo bado hajayasema. Atayasoma masharti hayo kwa kalamu nyekundu na kurekebisha vifungu vyako. Mpe nafasi pana pembezoni mwa ukurasa, na karatasi hiyo yenye masahihisho yake uihifadhi pamoja na rekodi.